Gitaa la besi kwa bendi za mtaani na kwaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayepiga besi kwenye kwaya, bendi ya harusi au kundi la marafiki wanaokutana Jumamosi, kwa mitambo ya kuazima na umeme usioaminika. Mwenye studio yake atakuta mengi hayamhusu.

Nianze na besi ya nyuzi nne au tano?

Nne zinawatosha wengi. Zikityuniwa E, A, D, G, uzi mnene kuliko wote hutoa mlio wa takriban 41 Hz, na spika nyingi za kumbini zinauhangaikia hata huo. Uzi wa tano, B, hushuka hadi karibu 31 Hz. Wanaouhitaji hasa ni wapigaji wa kwaya. Wimbo ukianzishwa kwa Eb, D au Db, do ya chini haimo kwenye nyuzi nne, kwa hiyo unalazimika kupanda oktava nzima pale pale kiitikio kinapotaka uzito. Kwenye uzi wa B noti hizo zipo freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya 4, ya 3 na ya 2. Gharama yake ni shingo pana zaidi, seti ya nyuzi ya bei kubwa, na uzi mmoja zaidi wa kunyamazisha.

Mwenye mkono mdogo asilazimishe. Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka kichwa cha shingo hadi darajani, ni inchi 34 (sentimita 86 hivi). Zipo besi fupi za inchi 30 (sentimita 76) na hakuna aibu kuzipiga.

Nataka besi ya mtumba. Nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Nenda na kebo yako unayoiamini, maana kebo mbovu ya dukani itakuchanganya usijue kilichoharibika ni nini.

Anza na shingo. Ishike besi kama bunduki, uangalie kutoka kichwani kuelekea daraja. Upinde mdogo wa mbele ni sawa, lakini shingo iliyojipinda kama parafujo, upande mmoja juu na mwingine chini, iache hapo hapo, maana fundi wa kuinyoosha ni nadra na bei yake inaweza kupita ya besi yenyewe. Kisha uliza kama bolti ya chuma cha ndani ya shingo inazunguka. Ikiwa pembe zake zimelika, besi hiyo haitarekebishika tena kwa urahisi.

Piga kila freti ya kila uzi, polepole. Noti moja ikifa au ikilia sawa na ya freti inayofuata, kuna freti iliyonyanyuka. Zungusha vitasa vyote huku besi imechomekwa: kukwaruza kidogo huondoka kwa dawa ya kusafishia swichi, ila sauti inayokatika kabisa inataka kitasa kipya. Tikisa jeki. Soketi iliyolegea ni kasoro ndogo, nati na lehemu kidogo tu, lakini ni sababu nzuri ya kuteremsha bei.

Kuhusu umbo, besi nyingi utakazokutana nazo ni nakala za mbili za Fender: Precision, iliyotoka 1951, na Jazz, ya 1960. Precision ya leo ina pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) moja iliyogawanywa vipande viwili, haivumi, na ina kitasa kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Kwa bendi isiyo na fundi mitambo, hiyo ndiyo rahisi kuisikilizisha. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba karibu na kichwa. Ukifungua pikapu zote mbili sawasawa mvumo hupungua sana, ukifunga moja hurudi.

Besi aktivu ni nini, na mbona yangu imezimika ghafla katikati ya ibada?

Ina saketi ndogo ya ndani inayotumia betri ya volti 9. Betri ikichoka sauti huanza kukwaruza kwenye noti nzito, kisha hufifia. Katika besi nyingi za aina hii, jeki ikiingia ndiyo swichi: ukiiacha imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha. Chomoa kila unapomaliza.

Kuna kosa moja linalowazungusha watu kwa mafundi bure. Ukitumia kebo yenye jeki ya stirio (ile yenye pete mbili nyeusi badala ya moja), betri haifungi mzunguko na besi inakaa kimya kama imekufa. Tumia kebo ya mono.

Nyuzi zinagonga freti, au ziko juu mno. Nirekebishe mwenyewe?

Ndiyo, mradi ufuate mpangilio. Ukianza na daraja kabla ya shingo utarudia kazi mara tatu.

Kwanza tyuni besi kwa nyuzi utakazotumia. Pili, pima upinde: bana uzi wa E freti ya 1 kwa kapo (kibanio cha shingo) au kwa mkono wa mwenzako, bonyeza freti ya mwisho, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.3 hadi 0.4 inafaa, unene wa kadi ya biashara. Nafasi ikizidi, kaza chuma cha shingo kwa spana ya L kuelekea mkono wa saa. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, legeza. Robo ya mzunguko kwa mara moja, basi. Tyuni upya, pima tena. Mbao huchelewa kutii, hivyo angalia tena kesho yake. Bolti ikigoma usitumie nguvu, chuma kikikatika ndani shingo imekwisha.

Tatu ndipo uguse daraja. Kwenye freti ya 12, nafasi kati ya freti na uzi wa E iwe kama milimita 2.5, na wa G kama 2. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo. Nne, usahihi wa noti: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza uupate ule mlio wa kengele, kisha ubonyeze hapo hapo upige. Tyuna ikionyesha noti iliyobonyezwa iko juu kuliko ya kengele, rudisha kitako cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kukisogeza, la sivyo utakwaruza skrubu.

Uzi ukigonga freti za mwanzo tu, mara nyingi shingo imenyooka mno. Ukigonga juu, kuanzia ya 12 kwenda mwilini, daraja liko chini mno. Na ukigonga kila mahali huku sauti hiyo ya kugonga haiingii kwenye amplifaya, iache. Haisikiki ukumbini.

Nyuzi zibadilishwe baada ya muda gani?

Hakuna tarehe. Zikikataa kutyunika vizuri, au ukiona vijishimo upande wa chini pale zinapogusa freti, muda umefika. Pwani chumvi ya hewa na jasho huziua mapema, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, juu na chini. Seti ya kawaida ni ya unene wa 45 hadi 105 (yaani sehemu za elfu moja za inchi), na uzi wa B huwa karibu 130. Ukibadilisha unene, rudia kupima shingo.

Wasio na pesa ya seti mpya huzichemsha nyuzi dakika 10 na tone la sabuni, wakazikausha juani. Mng'ao unarudi, lakini kwa siku chache tu, na maji yaliyobaki ndani huleta kutu. Spiriti ni bora zaidi: ziloweke usiku mzima kwenye chombo kilichofungwa, mbali na jiko, zikauke kabla ya kuzirudisha.

Unapofunga uzi mpya, upime upite kigingi chake kwa sentimita 10 hadi 12. Ukunje kwanza kwa pembe kali, halafu kata juu ya kunjo. Ukikata uzi ulionyooka, waya wa nje unaweza kufumuka na uzi ukapoteza mlio. Ingiza ncha kwenye shimo la kigingi, zungusha mara mbili hadi nne kuteremka chini.

Amplifaya ya wati ngapi?

Chumbani, 15 hadi 30. Mazoezini pamoja na drams, 100 ni kwa shida, 200 hadi 300 ndipo unapumua. Besi inakula nguvu kuliko gitaa la solo, ndiyo maana mpiga solo mwenye wati 30 anaweza kukumeza wewe wa 100. Kuongeza wati mara mbili kunaleta desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Kuongeza spika ya pili mara nyingi kunasaidia zaidi.

Usidanganywe na maandishi makubwa kwenye sanduku. «PMPO 2000W» haina maana yoyote, tafuta nambari ya RMS, yaani nguvu halisi inayodumu.

Nikiunganisha spika mbili, amplifaya itaungua?

Soma nyuma yake. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na mbili za omu 4 zinakuwa 2. Amplifaya iliyoandikwa kiwango cha chini omu 4 ukiipa 2 itapata moto na kujizima, au itaungua. Na kebo ya kutoka amplifaya kwenda spika iwe ya spika, yenye nyaya mbili nene. Kebo ya gitaa inafanana nayo kwa nje ila ndani ina uzi mwembamba, nayo hupata moto.

Naweza kuchomeka besi moja kwa moja kwenye mikisa?

Aktivu, ndiyo, utapata sauti inayokubalika. Pasivu, yaani isiyo na saketi ya betri, itasikika imezibwa, haina ncha, na fundi mitambo ataongeza besi kwenye mikisa akidhani inapungua, kumbe kilichopotea ni sauti za kati na za juu. Sababu ni kwamba mlango wa kawaida wa mikisa una takriban omu elfu 10, wakati pikapu za besi zinataka kukutana na omu laki tano hadi milioni moja. Baadhi ya mikisa zina kitufe cha Hi-Z kwenye mlango mmoja au miwili, utumie huo.

Pasipo na kitufe hicho unahitaji kisanduku cha DI. Besi inaingia upande mmoja, upande wa pili inatoka kebo ya maikrofoni ya pini tatu, ambayo inaweza kwenda mita 30 bila kuokota kelele. DI aktivu inahitaji betri au volti 48 kutoka mikisa: mwambie fundi aziwashe huku chaneli yako imefungwa, usije ukapasua spika kwa kishindo. Kati ya vifaa vyote vya ziada, hiki ndicho cha kununua kwanza. Pedali za mapambo zitasubiri.

Kuna mvumo usiokwisha. Unatoka wapi?

Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, besi yako ni ya kawaida, kinachokosekana ni kinga ndani ya matundu ya pikapu, na karatasi ya shaba yenye gundi iliyounganishwa na athi (waya wa ardhini) inasaidia. Ukizidi unapogusa, waya wa athi unaokwenda darajani umekatika: fungua, lehemu, dakika kumi. Ukibaki vile vile, badilisha kebo, kisha jisogeze mbali na taa za mabomba na chaja za simu.

Mvumo unaoanza tu pale unapounganisha amplifaya yako na mikisa ni wa athi mbili kugombana. Vyote vichomekwe kwenye chanzo kimoja cha umeme, na ukishindwa bonyeza swichi ya kukata athi iliyo kwenye DI. Usikate kamwe pini ya athi ya plagi. Ukumbi wenye athi mbovu ndio unaompiga mtu shoti midomoni anapogusa maikrofoni huku ameshika nyuzi, na watu wamekufa hivyo. Kabla ya shughuli, pima kwa mita kati ya daraja la besi na chuma cha maikrofoni. Ukiona makumi ya volti, msipige mpaka fundi umeme aje.

Amplifaya imetumwa kutoka Marekani au Japani. Naiwasha vipi?

Marekani umeme ni volti 120, Japani 100. Tanzania na Kenya ni 230 hadi 240. Angalia kibandiko cha nyuma: kikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Kikiwa na swichi ya 115/230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Visivyo na yote hayo vinahitaji transfoma ya kupunguza, yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa.

Kwa jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, washa taa, ndipo mitambo. Amplifaya zizimwe kabla haijazimwa kuongezwa mafuta.

Nifanye mazoezi vipi nyumbani nikiwa na nusu saa tu?

Nusu saa ya kila siku inashinda saa nne za Jumamosi. Dakika 5 za kwanza tembeza vidole polepole na metronomu kwenye 60, ukisikiliza kama kila noti imekatika pale inapotakiwa. Urefu wa noti ndio unaotenganisha besi safi na uji, na wanaoanza huusahau kwa sababu wanatazama mkono wa kushoto tu. Dakika 10 piga kipande kimoja cha mipigo minne, hicho hicho, bila mapambo. Kisha ifanye ngumu: wimbo wa 80 uwekee metronomu 40, hesabu mlio wake kuwa pigo la pili na la nne. Mwanzoni utapotea. Dakika 10 nyingine ni za nyimbo za wiki, ukianza na sehemu unayoiogopa. Zilizobaki jirekodi kwa simu na usikilize.

Huna amplifaya? Egemeza pembe ya besi kwenye mlango wa kabati la mbao. Utajisikia vizuri kabisa, na majirani pia, kwa hiyo usiku tumia spika za masikioni.

Nyamazisha nyuzi usizozipiga. Mkono wa kulia ukiwa kwenye A, dole gumba lilale juu ya E. Ukihamia D, dole gumba lishuke liegemee A huku likigusa E. Chumbani hutaona tofauti, ila kwenye wati 300 uzi uliosahaulika unavuma wimbo mzima.

Vidole na kiwiko vinauma. Ni kawaida?

Ncha za vidole, ndiyo, wiki za mwanzo. Kiganja, kiwiko na ganzi, hapana: pumzika, na maumivu yakidumu muone daktari. Kwenye freti za chini usitanue vidole vinne kwa freti nne. Tumia kidole cha shahada, cha kati, na cha mwisho kikisaidiwa na cha pete, kwa freti tatu, jinsi wapiga besi kubwa ya kusimama wanavyofundishwa katika mbinu ya Franz Simandl. Besi ina uzito wa kilo nne hivi, basi mkanda wake uwe mpana, na uifunge iwe kimo kile kile ukikaa na ukisimama.

Waimbaji hubadilisha ufunguo bila taarifa. Nifanyeje?

Acha kukariri majina ya noti, kariri nafasi za do. Kwaya nyingi zinasoma nota za do-re-mi, kwa hiyo mnazo lugha moja tayari. Do ikiwa freti ya 3 ya uzi wa E (G), fa iko freti hiyo hiyo uzi unaofuata, na so iko uzi huo wa pili, freti mbili mbele. Umbo hilo halibadiliki popote uendapo, na nyimbo nyingi za ibada na za dansi hazitoki mbali na hizo tatu. Kubalianeni ishara ya mkono: kidole kimoja do, vinne fa, vitano so. Mwimbaji akianza peke yake, tafuta do yake kwa sauti ya chini kabisa kabla ya kuingia. Ukiingia kwa kubahatisha mbele ya kipaza sauti, mstari mzima umekwenda.

Mbona tukipiga na kinanda kila kitu kinakuwa matope?

Kwa sababu mkono wa kushoto wa kinanda unapiga besi, na wewe pia. Hata mkipiga noti zilezile, hamtazikata pamoja. Mpiga kinanda aliyezoea kupiga peke yake hatakubali mara moja, kwa hiyo mwombeni kistaarabu ajaribu wimbo mmoja mkono wa kushoto ukiwa juu ya do ya kati, mrekodi, msikilize pamoja. Rekodi hushawishi kuliko mabishano.

Likibaki tatizo, punguza 250 Hz kidogo kwenye amplifaya na ongeza kati ya 700 na 1,000. Usiongeze besi. Na uiondoe spika kwenye kona, maana kona za ukuta mtupu huongeza mvumo wa chini usio na noti.

Rumba, sebene na benga: besi inafanya nini tofauti?

Kwenye rumba, wakati wa kuimba, besi inapumua. Haijazi kila pigo, huacha mapengo ambamo gitaa la rithimu na sauti vinapita, na mgeni akijaza mapengo hayo wimbo unakufa. Sebene ikiingia, kodi huwa chache zinazojirudia, na wapigaji wengi wa Kikongo hugonga noti ya chini kwa dole gumba na kuchuna ya juu kwa kidole cha shahada. Ukitaka kujifunza, chukua mipigo miwili tu, irudie mpaka mguu wako ujiendeshe, halafu ndipo uongeze.

Benga, iliyoanzia kwa Wajaluo wa Kenya, inaiweka besi mbele kabisa: inakimbia, inaimba, na inajibizana na solo. Hapo dole lisilo na nguvu linajulikana mara moja. Kokote utakakopiga, simama upande wa matuazi ya mpiga drams uuone mguu wake. Noti yako na ngoma ya mguu zikianguka pamoja, hata mitambo mibovu inasamehewa.

Kwenye video ya simu besi haisikiki. Nimepiga chini mno?

Huenda hapana. Spika ya simu haitoi sauti za chini kabisa, inatoa tu milio ya juu inayoambatana nazo. Sikiliza kwa spika za masikioni kabla ya kuongeza sauti.

Masikio yanalia baada ya mazoezi.

Mlikuwa juu mno. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini, desibeli 85 zinavumilika saa 8, na kila nyongeza ya 3 inapunguza muda huo nusu, hivyo kwenye 100 mna kama robo saa. Vaeni vizibo vya masikio, na anayeanza kushusha awe mpiga drams, maana wengine wote wanapandisha kumfuata yeye.

Kwenye begi niweke nini?

Kebo mbili, tyuna, betri ya volti 9 mpya, spana za L za shingo na daraja, seti moja ya nyuzi hata iwe kuukuu, DI, kitambaa, na plasta ya mkanda wa umeme ya kubandika kebo sakafuni. Fyuzi ya amplifaya yako, ya ampea ile ile iliyoandikwa nyuma, iwekwe kwenye mfuko mdogo wa peke yake, kwa sababu saa unayoihitaji ukumbi huwa gizani.